Kufufua pikapu ya dizeli iliyolala miaka mingi: mwongozo kamili kwa sisi wa nyanda za juu

Ukitoka Uyole kushuka Tukuyu, au ukizunguka vijiji vya Njombe na Makete, hukosi kuiona: pikapu imeegeshwa ubavuni mwa nyumba, nyasi zimefika usawa wa mlango, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Muulize mwenyewe, atakwambia, "Hiyo nzima kabisa, ni betri tu."

Baba yangu mdogo naye alisema hivyo. Hilux yake ilikuwa chini ya mparachichi, nje kidogo ya Tukuyu, tangu 2016. Nilipofika mwaka 2023 alishanunua betri mpya na alitaka tuwashe jioni ile ile.

"Mwanangu, ni betri tu."

"Baba mdogo, nipe wiki tatu. Na hiyo betri irudishe ndani kwanza."

Hakufurahi, lakini alinipa. Nilikuwa na sababu. Miezi michache kabla, jirani yake aliivuta ya kwake kwa trekta mpaka injini ikawaka. Watu wakapiga makofi. Haikufika dakika kumi, taimingi belti (mkanda unaoziendesha valvu kwa mpangilio) ikakatika, valvu zikagonga pistoni, na gari likarudi palepale lilipokuwa, safari hii likiwa bovu kweli. Injini nyingi zilizolala huharibika siku ya kuwashwa, ndani ya zile dakika za kwanza. Kwa hiyo katika mwongozo huu ufunguo unakaa mfukoni mpaka karibu na mwisho.

Nazungumzia dizeli za zamani ninazozifahamu: Hilux yenye injini ya 2L (lita 2.4) au 3L (lita 2.8), silinda nne, haina turbo wala kompyuta. Gari jingine la rika hilo utalifuata kwa mpangilio huu huu, ila vipimo vitatofautiana.

Karatasi na chasisi, kabla ya spana

Anza na kadi ya gari. Ina jina la nani? Kama ni la marehemu, familia ikae kwanza, msimamizi wa mirathi athibitishwe mahakamani, ndipo jina lihamishwe TRA. Usimwage fedha kwenye gari ambalo kesho shangazi au kaka mkubwa atasema ni la wote. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, hiyo isikuumize kichwa. Bima utakata gari likikaribia kutoka.

Sasa ingia chini na nyundo ndogo na bisibisi nene. Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi, na majani ya mti yaliyoangukia kwenye bodi huoza na kushikilia unyevu juu ya chasisi mwaka mzima. Gonga chasisi yote, hasa nyuma ya kebini, juu ya ekseli ya nyuma, na pale springi zinaposhikwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kugonga kibuyu, na bisibisi huzama. Tundu dogo kwenye bodi au sakafu ni kazi ya mchomeleaji wa kawaida. Chasisi ikiwa imeoza sehemu ya springi, mimi naacha. Uza injini na giaboksi, tafuta gari jingine. Najua inauma, hasa likiwa la mzee, lakini hilo gari litapakia gunia za viazi na watu juu yake.

Ukiinua gari, weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu yaliyokatwa bapa. Tofali hapana, hata za saruji: hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Na jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini.

Wapangaji uliowakuta

Fungua boneti kwa fimbo ndefu, ukiwa umevaa viatu vya kufunika. Nyoka hupenda joto la chini ya kiti na nyuma ya betri. Toa filta ya hewa uangalie ndani ya boksi lake. Sisi tulikuta kiota cha panya chenye maganda ya karanga kutoka ghalani. Uchafu huo ukinyonywa na injini umekwisha. Angalia pia mdomo wa ekzosi, nyigu hujenga humo.

Halafu fuata nyaya, moja moja, kwa mikono na tochi. Panya hula plastiki wakaacha shaba wazi, na shaba mbili zikigusana moto huanza siku utakapofunga betri. Waya uliotafunwa ukate, uunge vizuri, ufunike. Waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini na kwenye bodi ufungue, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, urudishe. Taa hafifu na stata nzito mara nyingi chanzo chake ni hapo tu.

Breki kwanza, injini baadaye

Mafundi wengi wataanza na injini kwa sababu ndiyo inayomfurahisha mwenye gari. Naomba ugeuze. Gari likishawaka, hakuna atakayekuwa na subira ya breki. Litatoka barabarani siku hiyo hiyo. Na huku kwetu barabara ni Mlima Nyoka, ni Iwambi, ni Kitonga kwa wanaopita Iringa kwenda Morogoro. Hakuna tambarare ya kujaribia bahati.

Gari lililoegeshwa na handibreki imevutwa, shuu za nyuma (vipande vinavyobana breki) zitakuwa zimeshikana na ngoma kwa kutu. Usivute kwa trekta. Toa tairi, achia handibreki, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kitovu, subiri usiku mzima. Ngoma za Toyota zina matundu mawili madogo yenye uzi: ingiza bolti za milimita 8, kaza moja kidogo, nyingine kidogo, kwa zamu. Ngoma itasukumwa nje taratibu bila kupasuka. Ikigoma, legeza kirekebishio cha shuu kupitia tundu la nyuma kwa bisibisi, kisha endelea.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na hiyo huua mapafu polepole. Lowesha kwa maji, futa, tupa kitambaa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Yakikaa miaka saba yana maji ya kutosha kula silinda kwa ndani. Kwa hiyo:

- Fungua silinda ndogo za nyuma na kalipa za mbele. Ukuta wa ndani ukiwa laini, badilisha raba. Ukiwa na vishimo vya kutu, badilisha silinda nzima. Raba mpya kwenye ukuta mbovu itavuja ndani ya mwezi.
- Master silinda, ile kuu inayosukumwa na pedali, vivyo hivyo.
- Mipira yote ya breki badilisha bila kujadili. Huvimba kwa ndani, breki ikakamata isiachie, na kwa nje mpira unaonekana mzima.
- Paipu za chuma zipapase kwa kucha. Kutu ya juu si neno. Yenye magamba ibadilishwe.

Jaza mafuta mapya ya DOT 3, kisha toa upepo. Anza gurudumu lililo mbali zaidi na master silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia ni la nyuma kushoto. Mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine anafungua nipo (kile kikoki kidogo cha kutolea upepo), anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Wengi husahau ile valvu ya mzigo iliyo juu ya ekseli ya nyuma, yenye mkono wa springi. Nayo ina nipo yake, nayo hushika upepo. Ukiiruka utakanyaga siku nzima pedali ikibaki laini, na utailaumu master silinda mpya bure.

Jambo moja zaidi la injini hizi: pampu ya vakyumu inayosaidia breki iko mgongoni mwa altaneta. Feni belti ikikatika unapoteza chaji, unapoteza pampu ya maji, na pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa bei ya belti, hakuna sababu ya kubaki na ya zamani. Nunua mpya, na nyingine ya akiba ikae chini ya kiti.

Kumwaga kila kilichomo

Mwaga oili ya injini, maji ya rejeta, oili ya giaboksi na ya difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma). Tazama kila kimoja kinavyotoka. Oili ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani. Ama gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) imekufa, ama hedi yenyewe imepasuka. Difu ikitoa maji kwanza ndipo oili, maji yaliingia kwenye tundu la kupumulia, badilisha na uendelee.

Weka filta mpya na oili ya 15W-40, lita tano hadi sita hivi, ukisoma kijiti badala ya kuamini kopo. Difu weka namba 90 ya GL-5. Giaboksi weka 75W-90 ya GL-4, maana baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya ndani.

Kuiamsha injini kwa mkono

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijutii.

Toa plagi nne za hita, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Zimeshika kwa masizi na kutu, na ukilazimisha zinakatikia ndani ya hedi. Nyunyiza dawa ya kutu leo, rudi kesho, legeza robo, rudisha nyuma, nyunyiza tena. Moja ya kwetu ilichukua siku mbili.

Kwenye kila tundu mimina kijiko kikubwa kimoja cha oili laini ya giaboksi za otomatiki. Si zaidi. Kimiminika hakikubali kubanwa. Ukijaza kikombe halafu ukapiga stata plagi zikiwa zimefungwa, utapinda mkono wa pistoni. Acha ilowe siku mbili au tatu.

Kisha weka gia huru, weka soketi kubwa kwenye bolti ya mbele ya krenki (shafti kuu ya injini), na uzungushe kwa mwelekeo wa saa. Polepole. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu, shukuru Mungu. Ikikwama, ongeza oili kidogo, subiri tena siku kadhaa, jaribu kuichezesha mbele na nyuma kwa upole. Nimeona injini ikiachia siku ya tisa. Usiongeze urefu wa bomba kwenye mpini ukalazimisha, na usivute gari likiwa kwenye gia.

Baada ya hapo badilisha taimingi belti pamoja na beringi zake. Toyota waliweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi kukumbusha kila kilomita 100,000, lakini taa hiyo haihesabu miaka. Mpira uliokaa umejikunja sehemu moja kwa miaka saba umekakamaa na kupata nyufa, hata kama kilomita bado. Panga alama za krenki, kemu (shafti inayofungua valvu) na pampu ya dizeli kabla hujatoa belti ya zamani, funga mpya, zungusha mizunguko miwili kwa mkono, uhakikishe alama zimerudi palepale. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mlipe fundi anayeijua na ukae ukimtazama.

Dizeli

Dizeli ya zamani haifai hata robo. Maji hukaa chini ya tangi, na kwenye mpaka wa maji na dizeli huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Shusha tangi, lioshe, likauke juani. Badilisha mipira ya dizeli na filta, na ufungue kile kikojoleo cha chini ya filta kinachokusanya maji.

Pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Ikikaa kavu, gundi ya dizeli iliyooza huigandisha. Tuliijaza dizeli safi kwa kubonyeza kile kifundo kilicho juu ya filta, tukaiacha siku mbili. Ikibaki imeganda, ipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na nozeli zote nne, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, ziende pamoja nayo. Usifungue pampu kwenye ua wa nyumba.

Kama yako ni ya petroli kazi ni nyepesi kidogo: tangi, mipira, kusafisha kabureta, plagi mpya. Ila petroli iliyooza hunuka kama vanishi na huwaka kwa cheche ndogo, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko.

Maji na baridi ya huku

Suuza rejeta kwa hozi mpaka maji yatoke meupe, kwanza mbele kwenda nyuma, kisha kinyume chake. Badilisha mipira, themostati na mfuniko. Mfuniko watu huudharau. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko mzima hubana presha na kupandisha kiwango hicho. Mfuniko uliochoka hukuachia maji yachemke mlimani huku injini haijafanya kosa lolote. Silinda hedi za 2L hazivumilii joto, hupasuka.

Jaza kulanti ya kweli, ile dawa ya rejeta isiyoganda kirahisi. Usijaze maji ya mtoni. Mwezi wa sita na wa saba, Makete na Kitulo usiku hushuka chini ya sifuri, na maji matupu yakiganda yanaweza kupasua rejeta au bloku.

Baridi hiyo hiyo ndiyo inayofanya plagi za hita ziwe za lazima kwetu. Zipime kwa mita: nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, iliyokatika haionyeshi kitu. Soma volti iliyoandikwa kwenye plagi kabla ya kununua, kwa sababu si zote ni za volti 12, na mfumo wa gari lako unataka aina yake.

Siku ya ufunguo

Sasa ile betri ilete. Iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi.

Plagi za hita zikiwa bado nje, chomoa waya wa solenoidi ya dizeli (ile inayofungua na kukata dizeli) kwenye pampu, funika matundu kwa kitambaa kikubwa, piga stata sekunde kumi, pumzika dakika moja, rudia. Oili uliyomimina itaruka nje, na taa ya oili ya dashibodi inapaswa kuzimika. Isipozimika baada ya majaribio manne au matano, usiendelee. Tafuta kwa nini oili haipandi. Hapo pia ndipo pa kupima kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) ukiwa na geji ya dizeli: 2L nzima hucheza kwenye kilo 32 hivi kwa sentimita ya mraba, na chini ya 20 imechoka.

Rudisha plagi na waya. Legeza nati za paipu za nozeli mzunguko mmoja, piga stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Mkono usikae karibu na paipu hizo injini ikizunguka: dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na anayepatwa akimbizwe hospitali hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Kabla hujawasha, mweke mtu mmoja karibu na mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao bapa. Pampu iliyolala inaweza kuganda ikiwa wazi, injini ikapaa, yaani ikazidi kasi yenyewe, na isizimike kwa ufunguo. Dawa ni kuziba hewa kwa ubao, si kwa kiganja. Weka na ndoo ya mchanga mkavu karibu.

Pasha plagi. Washa.

Ya kwetu ilikohoa, ikatoa moshi mweupe uliofunika migomba yote, ikashikilia kwa silinda tatu, kisha ya nne ikaingia. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mikono kichwani. Moshi mweupe wa mwanzo usikutishe, ni dizeli isiyoungua na ile oili. Uendelee kupungua kadiri injini inavyopata joto. Ukibaki mweupe na rejeta inapungua maji, rudi kwenye hedi. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga ni kawaida huku juu, hewa ni nyepesi na injini haina turbo.

Iache silensa, yaani izunguke yenyewe, dakika ishirini bila kukanyaga mafuta. Tazama geji ya joto, tazama chini kama kuna kinachovuja, pima chaji: volti 13.8 hadi 14.4.

Klachi, tairi, na safari ya kwanza

Klachi huenda imeshikana na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) kwa kutu. Utakanyaga na gia bado zitalia. Peleka gari likisukumwa mpaka uwanja wa wazi, injini ikiwa ya moto na imezimwa. Weka gia ya tatu, kanyaga klachi na breki kwa pamoja, gusa stata. Mara nyingi huachia kwa mshtuko mmoja au miwili. Isipoachia, giaboksi ishushwe.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zikipita miaka kumi usizipakie watu, hata meno yakiwa marefu. Paka grisi mpya kwenye beringi za magurudumu na jaza nipo zote za propela na usukani.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa mwendo mfupi wa kijijini bila mzigo, kisha kupanda hadi Isyonje, tukisimama kila baada ya kilomita tano kugusa ngoma za magurudumu kwa nyuma ya mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, hiyo breki inakamata. Kushuka tulitumia gia ya pili na injini kutushikilia. Siku iliyofuata tulikaza upya nati za magurudumu na klipu za mipira, na tukakuta mpira wa rejeta umeanza kutoa jasho.

Oili ile mpya ilimwagwa baada ya kilomita 500, pamoja na filta, kwa sababu ndiyo iliyoosha uchafu wa miaka saba. Filta ya dizeli nayo ilibadilishwa mara mbili ndani ya mwezi wa kwanza. Nunua tatu tangu mwanzo.